Harufu ya Mkarafuu

Anayesugua jani la mkarafuu hubaki na harufu vidoleni kwa muda mrefu. Amepasua vifuko vidogo vya mafuta, na yujenoli, kemikali yenye harufu iliyofichwa humo, imeruka hewani.

Kwa mti, hiyo ni silaha. Yujenoli hutoboa utando wa seli za kuvu na bakteria hadi zikavuja. Wadudu wengi nao huikimbia. Kwa kuwa ingeweza kuunguza hata seli za mkarafuu wenyewe, mti huifungia kando, vifukoni. Ustadi wa ajabu!

Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua. Huko Pemba hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayatupwi: huchemshwa kwa mvuke, yakatoa mafuta.