Istilahi Mlangoni mwa Sekondari: Historia Fupi ya Fizikia kwa Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Kenani

Makala haya yanaanzia Kenani, wilayani Nchelenge, karibu na ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mwaka 2017 kituo cha muda kilifunguliwa hapo kuwapokea watu waliokimbia mapigano kusini-mashariki mwa Kongo. Mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yalianza kuwapokea. Wengi wao huzungumza Kiswahili. Kijana aliyefika sekondari kwao alisoma fizikia kwa Kifaransa. Akivuka mpaka huikuta kwa Kiingereza. Lugha saba za Kizambia zinazotambuliwa shuleni, Kibemba kikiwamo, hazijumuishi Kiswahili. Kwa hiyo, afundishwe nini katika fizikia ni swali lisilotengana na jingine: atafikiri kwa maneno gani?

Tanzania ilikaribia kulijibu. Baada ya mwaka 1967 sayansi ya shule za msingi ilifundishwa kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kufanya hivyo kuanzia Januari 1985. Serikali ilikataa. Hata hivyo, wanaistilahi waliendelea na kazi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kamusi ilifika mlangoni mwa sekondari ikakuta mlango umefungwa.

Hoja iliyozoeleka ni kwamba istilahi hizo ni ngumu. Sikubaliani nayo. Tazama neno kanieneo: ni kani iliyotandazwa juu ya eneo, na fasili imo ndani ya neno lenyewe. Anayetandika ubao juu ya tope la ufukoni ili asizame ameongeza eneo na kupunguza kanieneo, ingawa kani, yaani uzito wake, haikubadilika. Tazama pia tungamo na uzito, au joto na halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku twasema joto kwa vyote viwili, na hapo ndipo mwanafunzi hupotelea, kwa lugha yoyote atakayofundishwa. Kwa maoni yangu, kutenganisha dhana hizi kwa kupima ndiko kunakostahili kutangulia katika fizikia ya sekondari. Kanuni za kukariri zifuate baadaye.

Kisa cha Erasto Mpemba kinatufaa hapa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanga, aliweka katika jokofu mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, muuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kuwa naye huweka mchanganyiko ukiwa moto ili ugande haraka. Mpemba alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi chuoni aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Linalonihusu mimi ni kwamba muuza aiskrimu alikuwa na uchunguzi ambao darasa halikuwa na nafasi ya kuupokea. (Wangapi waliulizwa wakanyamaza, historia haikuwaandika.)

Turudi Kenani. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko Tanga au Mombasa, hivyo maji huchemka karibu na nyuzi 97 za Selsiasi, wala si 100, na maharagwe hukawia kuiva. Sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto kimoja vyatosha kwa somo zima. Mwanafunzi akisoma 97 huku kitabu, kiwe cha Kifaransa au cha Kiingereza, kikisema 100, itabidi aamue kama kipimajoto kimekosea, au macho yake, au kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Aruhusiwe kwanza kubishana na wenzake kwa Kiswahili, kisha aandike jibu kwa lugha ya mtihani.