Shing'weng'we

Shing'weng'we ni zimwi la ngano za Wasukuma, wakazi wa kusini mwa Ziwa Viktoria hadi Bariadi na sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu. Anayeliua ni kijana Masala Kulangwa, ambaye jina lake limebeba neno *masala*, yaani akili.

Zimwi lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao. Akasalia mama mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Mwanawe alipokua akauliza baba yuko wapi. Alipoambiwa, akaingia porini. Akarudi na panzi: mama, ndiye huyu? La, mwanangu, huyo ni panzi. Siku nyingine akaleta ndege, kisha swala, hadi alipokutana na lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wazima.

Wanaojifunza kubuni ulimwengu wa fantasia wana mengi ya kuchuma hapa. Msimulizi anaomba tukubali jambo moja tu, kwamba zimwi humeza bila kutafuna. Mengine yote ni ya nyumbani. Wala hahitaji kutaja urefu wa zimwi: tunaupima kwa panzi, ndege na swala, ambao hawafui dafu. Ngazi kama hiyo imo katika ngano ya Sultani Majinuni kutoka Unguja, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, ambamo mwana wa sultani anamwinda nunda, paka aliyegeuka mla watu.

Lakini hazina yenyewe ni sikio. Kijana akipasua tumbo, anamkata bibi kizee sikio kwa bahati mbaya. Bibi hashukuru hata kidogo: anakasirika, anataka kumroga, na kijana inambidi atafute dawa ya kumponya. Tumbo lilitoa umati; sikio likatoa mtu.

Waandishi wa riwaya nao wamejaribu mizani hiyo ya ajabu moja kando ya mambo ya nyumbani. *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, ila ina mashtaka na baraza kama nchi yoyote. Katika *Walenisi* (1995), Katama Mkangi wa Kenya anamrusha Dzombo, aliyehukumiwa kifo, hadi ulimwengu mwingine. Likatwe jina la riwaya hiyo, linasomeka "wale ni sisi". Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda kinyume katika *Nagona* (1990): humo msomaji anatangatanga bila mama wa kumwambia kwamba huyo bado ni panzi.