"Patroni Ananisumbua": Harcèlement kwa Kiswahili cha Bwiza

Tuseme kuna binti anayehudumia mezani kwenye baa moja ya mtaa wa Bwiza, Bujumbura. Zamu imekwisha, viti vimepandishwa juu ya meza, hesabu ya jioni imefungwa. Bahasha za mishahara za wenzake zimeshagawiwa tangu saa mbili. Yake patroni, yaani bosi wake, bado anayo mkononi. "Yako njoo uichukulie kwangu," anamwambia, huku akicheka kama mtu wa mzaha. Asubuhi binti anakwenda kwa shangazi yake: "Shangazi, patroni ananisumbua." Shangazi anamjibu: "Mwanangu, patroni gani asiyesumbua? Vumilia, kazi hazipatikani."

Shangazi hana ubaya. Amelijibu neno aliloambiwa. Mbu husumbua, mtoto mwenye homa husumbua, mwenye nyumba anayedai kodi husumbua. Binti amechagua neno la adabu ili asimwaibishe mkubwa wake, na adabu hiyo ikalifunika jambo lenyewe.

Maofisini mwa Bujumbura kuna neno la Kifaransa linalobeba mzigo huu: harcèlement. Kanuni ya Adhabu ya Burundi ya mwaka 2009 ilitaja harcèlement sexuel kuwa kosa, na kiini chake ni kutumia mamlaka ya kazi kumbana mtu ili akubali tendo la ngono. Ikaja sheria ya 22 Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, kisha Kanuni mpya ya Kazi ya 24 Novemba 2020. Zote hizi mwanasheria huzisoma kwa Kifaransa, na mteja wake aliyetoka mitaa ya Bwiza au Buyenzi humsimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi. Katikati yao anahitajika mtu wa kutafsiri, na hapo ndipo kazi ya istilahi inapoanza.

Kabla hatujailaumu lugha yetu, tukumbuke kwamba hata Kiingereza hakikuwa na jina la jambo hili hadi miaka ya 1970. Carmita Wood alikuwa karani katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaacha kazi kwa sababu ya mkubwa aliyekuwa akimshikashika. Alipoomba malipo ya wasio na kazi aliulizwa sababu ya kuondoka, akaeleza kwamba ni sababu zake binafsi, na maombi yakakataliwa. Mwaka 1975 wanawake wa mji wa Ithaca walikusanyika kumsaidia, wakitaka kutengeneza mabango ya mkutano wa hadhara. Wakakwama kwenye neno. Wakajaribu "vitisho", wakajaribu "shuruti", wakajaribu "unyonyaji", hakuna lililotosha kuanzia mzaha mchafu hadi mkono kiunoni. Mwishowe wakaafikiana juu ya "sexual harassment", jina ambalo leo limo katika sheria za nchi nyingi. Wood alikuwa na yaliyompata yote kichwani. Alichokosa ni jina ambalo mwajiri na serikali wangelisikia.

Je, Kiswahili kina nini? Kina mengi, na wingi huo wenyewe unatuchanganya. Redioni na kwenye semina utasikia zaidi "unyanyasaji wa kijinsia". Maneno haya yamebebeshwa mzigo mkubwa mno: kumpiga mke, kumnyima binti shule, kubaka, na patroni wa bahasha, vyote vimo ndani. Tena "jinsia" ni hali ya kuwa mwanamume au mwanamke. Meneja anayekataa kumpandisha cheo mwanamke kwa kuwa ni mwanamke amemnyanyasa kijinsia pasipo kumgusa hata kidole. Zanzibar hupenda "udhalilishaji wa kijinsia", neno zito kwa sababu linataja heshima iliyovunjwa. Katika habari za Kenya utakutana na "dhuluma za kimapenzi", na hapo mimi nagoma kabisa. Mapenzi yameingiaje? Februari 2023, BBC ilitangaza ushahidi wa wanawake zaidi ya 70 waliosema walidhulumiwa na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya, wengine wakibanwa kati ya kulala na msimamizi na kukosa kazi. Kuliita jambo hilo la kimapenzi ni kumpa msimamizi utetezi wake bure.

Neno sahihi ni "kingono", ingawa naelewa kwa nini watu hulikwepa. Hakuna binti wa Bwiza atakayelitamka mbele ya mama mkwe wake, na mbele ya karani mwanamume atajikanyaga mara tatu kabla ya kulitoa. Basi liandikwe kwenye barua hata kama halisemwi. Kwa kinywa yapo maneno ya adabu yasiyoficha kitu: "Patroni ananitaka, na ananibania mshahara." Mswahili yeyote akisikia "ananitaka" anajua ni kutaka kupi. Laiti binti yetu angesema hivyo, shangazi angevaa kitenge na kufuatana naye.

Watanzania wametangulia kwa jina la aina moja ya harcèlement. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Watu wakaiita rushwa ya ngono, na jina likashika mitaani kwa sababu rushwa kila mtu anaijua: kuna anayeshikilia kitu na kuna anayedaiwa. Bahasha ya Bwiza ni rushwa ya ngono waziwazi. Nina tahadhari moja tu. Rushwa kwa kawaida ina mtoaji na mpokeaji, na wote wawili wana hatia. Anayelitumia neno hili asisahau kwamba binti hakutoa kitu. Anayedaiwa ngono ili apewe haki yake mwenyewe hawi mshiriki wa uhalifu.

Lakini si kila patroni anadai. Yuko anayesifia maungo ya mfanyakazi mbele ya wateja, anayemtumia picha kwa WhatsApp saa sita usiku, anayepita nyuma ya kaunta kwa kujibana pale penye nafasi tele. Hakuna sharti wala ahadi, kwa hiyo rushwa haitoshi. Hapa nachagua "bughudha ya kingono". Bughudha ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya chuki, ila kwetu limekuwa la kumkosesha mtu raha. "Usinibughudhi" ni amri iliyo tayari mdomoni. Faida nyingine ni kwamba bughudha yaweza kuwa moja. "Unyanyasaji", kwa ile -aji yake, unaashiria mazoea, na wakili mjanja atauliza, "Ni mara ngapi?" Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, unasema tukio linahesabiwa liwe limetokea mara moja au limerudiwa. Unahesabu pia njia ya kwenda na kurudi kazini, makazi aliyotoa mwajiri, na ujumbe wa simu unaohusu kazi. Mayaya na maboyi wanaolala kwa waajiri wao wasikie hilo.

Imebaki aina isiyo ya ngono, harcèlement moral, na mtego wake. Nimeona ikitafsiriwa "unyanyasaji wa kimaadili", tafsiri isiyo na maana yoyote. Moral ya hapa ni ya moyo na akili. Usemi huo ulienea Ufaransa baada ya kitabu cha daktari wa akili Marie-France Hirigoyen cha mwaka 1998, ukaingia sheria ya nchi hiyo Januari 2002. Ni yule shefu anayemtukana mhasibu kila kikao, anamnyang'anya kazi zake moja moja, mwishowe anamhamishia meza ukumbini karibu na choo ili aombe kuondoka mwenyewe. "Manyanyaso kazini" yanatosha, na kila mtu anayaelewa.

Basi wewe unayemwandikia mtu barua kwa mkaguzi wa kazi, kwa chama cha wafanyakazi au kwa Mahakama ya Kazi, usiandike "ananisumbua". Andika rushwa ya ngono, au bughudha ya kingono, au manyanyaso kazini, na pembeni uweke neno la Kifaransa lililo kwenye sheria. Kisha weka tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, na maneno ya patroni kama alivyoyatamka, bila kuyasafisha.