Maandiko, shruti na smriti

Maandiko (nm) [ya-]: matini takatifu za dini. Neno latokana na andika, na hapo ndipo mfasiri wa Veda hujikwaa. Kwa Wahindu, Veda ni shruti, yaani “kilichosikiwa”: zilihifadhiwa kwa kukaririwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Smriti, “kilichokumbukwa”, ni matini za daraja la pili, kama Mahabharata. Kwa Masingasinga, ambao hekalu lao la Makindu, Kenya, lilijengwa mwaka 1926, Guru Granth Sahib ni kitabu na guru pia.

Matumizi: Msahafu kwa kawaida ni Kurani, usiutumie hapa. Bakiza shruti, kisha ulifafanue.

Mfano: Mwalimu wa Mwamgongo alieleza kuwa shruti husikiwa kwanza, ndipo huandikwa.