Kiswahili cha Keya na Mikutano ya Askari wa Zamani: Thika na Ruiru

Historia ya Kiswahili katika Kenya bara imezoea kuandikwa kwa kufuata nyayo za shule, misheni na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kambi ya jeshi hutajwa kwa sentensi moja au mbili, aghalabu kwa dharau, kama mahali palipoharibu lugha. Hata hivyo, kwa maelfu ya wanaume wa bara, Kiswahili cha kwanza walichokisema kutwa kucha hakikutoka darasani bali kwenye uwanja wa kwata. Kiswahili hicho kiliishi kuliko jeshi lililokizaa, na kwa muda mrefu kiliendelea kupata nafasi yake kamili katika mkutano wa kila mwaka wa askari wa zamani. Eneo la Thika na Ruiru lafaa kuchunguzwa kwa sababu hapo swali la nani aliyekuwa askari, na nani anayestahili kuhudhuria mkutano huo, halikuwa na jibu rahisi.

Kikosi chenyewe, King's African Rifles, kiliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi madogo ya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati. Wananchi walikiita Keya, kwa kuzitamka herufi tatu za jina lake la Kiingereza. Miongoni mwa askari wake wa mwanzo walikuwamo Wasudani waliopata mafunzo katika jeshi la Misri, nao walikuja na msamiati wa Kituruki: ombasha, shaushi, bashaushi, na afande. Vyeo vitatu vya kwanza vilififia, mahali pake pakashikwa na koplo na sajini. Neno afande halikufa. Katika miaka ya 1950 jeshi lilifufua cheo cha efendi kwa ajili ya Waafrika waliokuwa bado hawajaruhusiwa kuwa maofisa kamili. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Yaani Mwafrika aliyekuwa mkubwa kuliko sajini, lakini asiyepaswa kulingana na luteni Mzungu, alitafutiwa jina lisilo la Kiingereza. Sera nzima imo ndani ya neno hilo moja.

Thika na Ruiru ziko mahali ambapo nchi ya Wakikuyu inakutana na njia ya kwenda Ukambani. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi yakaenea kando yake. Walowezi walikuwa na jeshi lao, Kenya Regiment, lililoanzishwa mwaka 1937 na kuvunjwa mwaka 1963. Wengi wa vijana wake walipelekwa kuongoza askari wa Keya. Walikuja kambini na Kisetla, yaani Kiswahili cha kumwamrisha mtumishi wa shambani na jikoni. Kwa hiyo mtu aliyetoka shamba la Ruiru kwenda kambini mara nyingi alikutana na sauti ileile aliyoiacha nyuma, sasa ikiwa imevaa sare.

Sarufi ya Kiswahili cha Keya inajulikana kwa kiasi. Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, kitenzi-jina kikachukua nafasi ya amri na ya hali tegemezi, viambishi vya nafsi vikaachwa pale ambapo kiwakilishi kilitosha: *askari yote kuja hapa* badala ya *askari wote waje hapa*. Ni kosa kuiita lugha hii Kiswahili kibovu na kuishia hapo. Ilikuwa na matumizi yake maalumu, na ilibidi ieleweke upesi kwa Mnandi, Mkamba, Mnyasa na Mwingereza kwa pamoja, mara nyingine chini ya risasi. Utafiti mkubwa wa kuieleza kama aina ya Kiswahili yenye kanuni zake, wa Mungai Mutonya na Timothy Parsons, ulichapishwa mwaka 2004. Wakati huo kikosi chenyewe kilikuwa kimetimiza zaidi ya miaka 40 tangu kibadilishwe jina kuwa Kenya Rifles.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilitoa takribani askari 98,000. Jeshi la kikoloni liliwagawa watu kwa nadharia yake ya makabila ya kivita: Wakamba na Wakalenjini walipendelewa katika vikosi vya bunduki, na Wakikuyu wengi wakaelekezwa kwenye kazi za mikono, udereva, ukarani na mawasiliano. Ni katika eneo kama Thika, ambako makundi haya mawili yaliishi jirani, ndipo mgawanyo huo ulipobaki wazi baada ya vita. Mmoja alivuka mto Chindwin huko Burma na Divisheni ya 11 mwishoni mwa mwaka 1944. Jirani yake alikuwa amechimba barabara au kubeba shehena. Wote walirudi na Kiswahili kilekile. Malipo ya kuagwa nayo hayakutofautiana kwa kazi tu bali kwa rangi pia: hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mzungu alipewa kiasi kinachokaribia mara tatu ya alichopewa Mwafrika wa cheo kilekile.

Siku kubwa ya mwaka ilikuwa Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, katika makaburi ya vita yaliyoko barabara ya Ngong, Nairobi. Hapo pana ukumbusho wa wasio na kaburi, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Zaidi ya watu 1,200 walikufa siku hiyo. Baada ya uhuru shughuli za wakongwe zilisimamiwa na chama cha KAFOCA, ambacho baadaye kilipewa jina la DEFOCA. Katika mikutano ya namna hii Kiswahili hakikuwa lugha ya kuunganisha makabila tu, kama inavyosemwa kwa wepesi. Kilikuwa lugha ya mambo yenyewe yaliyokumbukwa. Amri za kwata, majina ya vyeo na ya silaha hayakuwahi kuwa na maneno ya Kikuyu wala ya Kikamba, na mtu hawezi kuikumbuka amri kwa lugha ambayo hakuamrishwa kwayo.

Lakini orodha ya waalikwa ilikuwa fupi kuliko lugha. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambao zaidi ya 40,000 kati yao walikufa kwa hesabu rasmi, na wengi walitoka Murang'a, Kiambu na Ukambani, hawakuwa na rejimenti ya kukutania. Waliachiwa jina la mtaa na soko: Kariakoo Dar es Salaam, Kariokor Nairobi. Kisha likaja suala gumu zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Keya ndiyo iliyotumwa kupambana na Mau Mau, na baadhi ya viongozi wa upande wa pili walikuwa wamefunzwa na jeshi hilohilo. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipigana Burma. Bildad Kaggia, aliyekuwa sajini jeshini na baadaye mbunge wa Kandara, si mbali na Thika, alifungwa pamoja na Kenyatta. Msituni watu walipeana vyeo vya ujenerali na vya meja. Ilikuwa lugha ya kambi iliyogeuzwa dhidi ya kambi.

Matokeo yake ni kwamba kwa miaka 40 baada ya uhuru, katika miji kama Thika na Ruiru, mzee aliyelitumikia jeshi la mfalme aliweza kuvaa nishani zake na kwenda kwenye mkutano wa kikosi chake hadharani, huku jirani yake aliyepigana msituni akiwa mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku. Marufuku hiyo, iliyowekwa na serikali ya kikoloni, iliondolewa mwaka 2003 tu. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Wengi wa wale ambao maneno yao yangefaa kurekodiwa, wa pande zote mbili, walikuwa wameshazikwa.

Na hawakuwa mbali na wasomi. Kambi ya Templer huko Kahawa, kwenye barabara ya kwenda Ruiru, iliachwa na Waingereza na mwaka 1965 ikageuzwa Kenyatta College, chuo kikuu kamili tangu mwaka 1985, chenye idara yake ya Kiswahili. Ng'ambo ya barabara jeshi la Kenya bado lina kambi. Sarufi sanifu ilifundishwa katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wanajeshi, na wazee waliokijua Kiswahili cha Keya walipita karibu na lango hilo kila Novemba wakielekea Nairobi. Wengine wao walikuwa walinzi wa viwanda na mashamba, kazi ambayo mstaafu wa jeshi aliipata kwa urahisi, na hapo neno askari likashuka kutoka mpiganaji hadi mtu wa mlangoni. Vijana wa Nairobi na viunga vyake wakamwita soja. Afande naye yupo bado. Siku hizi huitwa hivyo polisi wa barabarani, na anayemwita hivyo hajui kwamba anatamka Kituruki.