Sumaku Ile Ile, Atomu za Polepole

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walivukiza fedha katika tanuri, wakaupitisha mwale wa atomu zake kati ya ncha za sumaku hadi kwenye bamba la kioo. Stern alisimulia baadaye kuwa alama haikuonekana mpaka moshi wa sigara zake za bei rahisi, uliojaa salfa, ulipoigeuza fedha kuwa nyeusi. Mwale ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Ikadhihirika kuwa atomu ya fedha ni sumaku ndogo, na kwamba uga sumaku usio sawa huisukuma. Lakini atomu zilipita kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, na uga ukazipinda kwa sehemu ndogo ya milimita.

Miongo iliyofuata iliboresha msukumo huo bila kuondoa udhaifu wake. Mwaka 1951, wanafizikia Friedburg na Paul walitumia sumaku yenye ncha sita kukusanya mwale wa atomu. Hata hivyo, kuzishika atomu zenyewe hakukuwezekana. Zilikuwa na joto mno, yaani zilienda kasi mno.

Ufumbuzi ulitoka kwenye nuru. Mwaka 1975 Hänsch na Schawlow walipendekeza kupoza atomu kwa leza, na mwaka 1985 kundi la Phillips huko Gaithersburg, Marekani, likanasa atomu za sodiamu zilizopunguzwa kasi kati ya koili mbili za sumaku kwa takriban sekunde moja. Mwaka 1995, huko Boulder, Cornell na Wieman waliziacha atomu za rubidi zenye joto zaidi zitoroke mtegoni, kama chai inavyopoa kwa kutoa mvuke. Rubidi iliyobaki ilifikia nanokelvini 170, ikatenda kama wimbi moja.

Ndipo njia za atomu zikaanza kuchorwa. Mwaka 2001 maabara za Munich na Tübingen zilitengeneza wimbi hilo juu ya chipu. Uga wa waya mwembamba hukutana na uga wa nje, na nyuga hizo mbili hufutana kwenye mstari ulio sambamba na waya. Atomu hufuata mstari huo. Lakini kingo za waya zenye mikwaruzo zilivuruga uga, wingu la atomu likakatikakatika. Mwaka 2005, watafiti wa Heidelberg waliigeuza kasoro hiyo kuwa kipimo: wakasoma ramani ya uga kutokana na umbo la wingu.

Mwaka 2017 roketi iliyorushwa kutoka Sweden ilibeba chipu kama hiyo hadi anga za juu, na mwaka 2018 nyingine ikafika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2019, kisiwani Krete, atomu ziliendeshwa katika pete laini ya sumaku isiyo na waya karibu, hatua kuelekea vipimo vya mzunguko.

Tangu Frankfurt, kanuni ya msukumo haijabadilika. Usahihi wa leo haukuletwa na sumaku kubwa zaidi. Umeletwa na atomu zilizopozwa kiasi cha kutii hata sumaku dhaifu.