Kambi ya Showground na Elimu Tuliyoiacha Pale

Kama umekulia Eldoret, Showground unaijua kwa ng'ombe wa maonyesho, mabembea na vumbi. Kila mwaka ASK wanaandaa shoo yao pale, shule zinabeba watoto kwa basi, na mtu anarudi nyumbani na kofia ya bure ya kampuni ya mbegu. Sisi wa miaka ishirini na kitu, ni wachache tunaokumbuka kwamba uwanja ule uliwahi kuwa mji: mji wa mahema wenye zaidi ya watu 10,000, uliochipuka ndani ya siku chache za Januari 2008.

Sababu yake inajulikana. Uchaguzi ulifanyika Desemba 27, 2007. Jioni ya Desemba 30, Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa Ikulu magharibi hiyohiyo. Bonde la Ufa likawaka. Januari 1, kanisa la Kiambaa, nje kidogo tu ya mji wetu, lilichomwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Waliofurushwa makwao, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 663,921.

Hadithi hii tumezoea kuisimulia upande wa hatia: nani alipanga, nani alichoma, kesi ya The Hague iliishia wapi. Ni sawa, maswali hayo lazima yaulizwe. Lakini kuna swali lingine ambalo halina kelele, na nadhani ndilo litakalotugharimu siku moja. Wale watu walilala wapi usiku wa pili? Nani alichimba choo cha kwanza? Nani aliandika orodha ya kwanza ya majina?

Mashirika makubwa kutoka nje hayakuwa yamefika bado. Barabara kati ya Nakuru, Burnt Forest na Eldoret zilikuwa zimefungwa kwa magogo na mawe, na malori yalipita kwa kusindikizwa na polisi. Watu walikimbilia pale palipokuwa na ukuta na geti: vituo vya polisi, shule, makanisa. Katika Kanisa Kuu la Sacred Heart, Askofu Cornelius Korir alifungua geti na watu wakajaa uani, maelfu kwa maelfu. Yeye mwenyewe alikuwa Mkalenjin, na wengi waliojificha kwake walikuwa Wakikuyu. Tulimzika mwaka 2017, na mpaka leo wazee mjini wanamtaja kwa heshima kwa ajili ya siku zile.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Korir hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa askofu tangu 1990, na mapigano ya mwaka 1992 yalimkuta kazini. Burnt Forest iliungua wakati huo pia, na watu wakakimbilia makanisani vilevile. Kwa hiyo 2008 ilipofika, jimbo lake lilikuwa na watu waliokwisha kujifunza, kwa uchungu, jinsi ya kugawa unga bila fujo, jinsi ya kutenga wagonjwa, na jinsi ya kuongea na kijana mwenye upinde aliyesimama nje ya geti. Hakuna aliyewapa cheti. Ilikuwa kumbukumbu tu, imekaa ndani ya watu.

Serikali ya miaka ya tisini, kwa upande wake, ilijifunza jambo tofauti: kwamba kambi ni aibu, na aibu hufichwa. Kule Maela, karibu na Naivasha, maelfu ya watu waliofukuzwa Enoosupukia walikuwa wakiishi kambini. Desemba 1994 serikali ilileta malori, ikavunja kambi, na watu wakamwagwa sehemu kama uwanja wa Kirigiti kule Kiambu na Ndunyu Njeru. Kambi ikiisha hivyo, ujuzi wake pia unaisha. Haibaki kamati wala orodha, na hakuna wa kuulizwa.

Sasa turudi Showground. Serikali ililipa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya jukumu la kuongoza usimamizi wa kambi. Hili ni shirika letu, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na wafanyakazi wake wengi wa mstari wa mbele walikuwa vijana wa kujitolea wa hapahapa. Baadaye Umoja wa Mataifa ukaleta mfumo wake wa klasta, uliobuniwa mwaka 2005, ambao unagawa kazi kwa sekta: maji kwa huyu, afya kwa yule, makazi ya dharura na uratibu wa kambi kwa mwingine. Wazo lake ni zuri: mashirika 20 yasilete blanketi zote sehemu moja huku sehemu nyingine watu wanalala chini.

Kuratibu kambi ni nini hasa? Kwanza ni hesabu. Viwango vya kimataifa vya Sphere vinasema kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba ndani ya hema, na mita 45 za mraba katika eneo lote ukihesabu njia, jikoni na nafasi ya kuzuia moto usiruke. Choo kimoja kwa watu 20. Lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Fanya hesabu ya watu 10,000: unahitaji hekta 45, ambazo ni zaidi ya ekari 110, vyoo 500, lita 150,000 za maji kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Na Eldoret usiku ni baridi, mji uko juu zaidi ya mita 2,000. Turubai la plastiki halikuundwa kwa ajili ya mtoto mchanga kwenye hali hiyo.

Halafu kuna hesabu isiyoandikwa kitabuni. Choo kikiwa mbali na hakina taa, wasichana hawataenda usiku. Mgao ukipitia kwa mtu mmoja tu, kesho kuna majina hewa kwenye orodha. Ukichanganya majirani waliozoeana na wageni, hakuna atakayeangalia watoto wa mwenzake. Kujua haya hakuhitaji mtaalamu kutoka Geneva. Anahitajika mama aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama, mwalimu aliyezoea kuita rejista, mhudumu wa afya wa kijiji. Watu hao walikuwa tayari ndani ya mahema, wamefurushwa kama wengine.

Mfano ninaoupenda unatoka hospitalini. Mpango wa AMPATH, wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi pamoja na washirika wao wa Marekani, ulikuwa na maelfu ya wagonjwa wa ukimwi ambao hawakupaswa kukosa dawa hata siku chache. Ghafla watu wakatawanyika. Wafanyakazi wake walitangaza kwenye redio, wakafungua laini ya simu, na wakaenda kambini kuwatafuta wagonjwa wao. Walifaulu kwa sababu mpango ulikuwa na mizizi hapa: rekodi zipo, njia wanazijua, sauti yao inaaminika. Uwezo wa wenyeji maana yake ni hiyo. Semina ya siku mbili hotelini, na posho ya chai, haileti hayo.

Februari 28, Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan. Mei 5 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Fikiria kujenga nyumba kwa pesa hiyo. Wengine walirudi mashambani. Wengine waliogopa, na baadhi yao wakafanya jambo ambalo hakuna mratibu aliyelipanga: wakachanga zile elfu kumi kumi, wakanunua ardhi pamoja. Karibu na Mai Mahiu kulitokea makazi ya namna hiyo, kama Jikaze, na lingine lililoitwa Vumilia Eldoret. Jina hilo linanikaa moyoni. Watu wamefukuzwa kwetu, wako mbali na nyumbani, na bado wanajiita kwa jina la mji wetu.

Wasee wengine watasema hayo ni ya kale, tusonge mbele. Sawa. Lakini kuhama hakusababishwi na siasa peke yake. Chesongoch, kule Elgeyo Marakwet, ilifunikwa na maporomoko ya ardhi Aprili 2020, na tena Novemba 2025. Mara hii ya pili majeruhi waliletwa Eldoret kwa ndege. Mai Mahiu yenyewe ilipigwa na mafuriko Aprili 2024. Kila mara tunaona picha ileile: watu kwenye madarasa, magodoro yakishuka kwenye lori, na viongozi wakipiga picha na unga.

Sheria tunazo. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ipo kwenye vitabu. Katiba ya 2010 imeweka udhibiti wa majanga kwenye orodha ya kazi za kaunti, karibu na zimamoto. Kwa hiyo jukumu halianzii Nairobi, na kwa hakika halianzii Geneva. Linaanzia hapa, Uasin Gishu, katika mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024.

Jiji lenye akili lingewatafuta wale wenyeviti wa kamati za Showground wangali hai, wale mama waliogawa unga, wale vijana wa Msalaba Mwekundu ambao sasa wana mvi, na kuandika wanachokijua. Lingechagua mapema viwanja vya dharura ambavyo si shule, kwa sababu shule ikiwa kambi watoto wa pande zote wanakosa masomo. Lingeweka mabomba ya maji pale kabla hayajahitajika. Na kila mwaka lingefanya zoezi, kama shule zinavyofanya zoezi la moto.

Ni kazi ndogo, haina ribboni ya kukata. Lakini Korir aliweza mwaka 2008 kwa sababu aliyapitia mwaka 1992. Wengi waliojua wameshaondoka, na waliobaki hatuwaulizi. Ukienda shoo mwaka huu, ukimaliza kuangalia ng'ombe, keti karibu na mzee yeyote wa hapo na umuulize mahema yalianzia wapi, maji yalitoka wapi, na geti lilifunguliwa na nani. Andika anachokuambia.